Simu ya mwanao inalala wapi?

Shule nyingi hapa Dar, mwanafunzi akikamatwa na simu anaitiwa mzazi na simu yenyewe inafungiwa ofisini. Kwa wazazi wengi, habari ya simu na masomo inaishia hapo. Mimi nafundisha hisabati sekondari, na jioni nina tyusheni Tabata. Simu ninayoiona ikiwaangusha watoto haifiki shuleni kabisa. Iko nyumbani, chini ya mto.

Piga hesabu ya siku ya mwanafunzi wa kutwa. Anayekaa Gongo la Mboto na kusoma mjini anaamka saa kumi na nusu alfajiri, maana akichelewa kidogo foleni inamkuta, na kondakta mwenye abiria wa kutosha hana haja na mtoto wa nauli ya shilingi 200. Jioni anapitia tyusheni, anafika kwao saa mbili. Kuoga, kula, kuosha vyombo, tayari ni saa nne. Wataalamu wa usingizi wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Huyu hata akilala hiyo saa nne hafikishi 7. Halafu ikigonga saa sita usiku, vifurushi vya usiku vya bei poa vinaanza kufanya kazi, na hapo ndipo makundi yao yanachangamka.

Mtoto wa hivyo namjua kwa macho. Kipindi cha kwanza yupo, kalamu mkononi, ananitazama. Ukimwita jina anashtuka. Mpe swali alilolifanya vizuri juzi, analishangaa. Akili huyahifadhi yale ya mchana wakati mtu amelala, kwa hiyo usiku ukiliwa na TikTok, kilicholiwa ni hata kile alichokielewa darasani.

Kuna jambo la pili ambalo wazazi hawalishtukii kwa sababu linafanana na bidii. Nikitoa maswali matano ya milinganyo ya kwenda kufanya nyumbani, saa tatu usiku mmoja ameshapiga picha majibu na kuyatupia kwenye grupu. Siku hizi wala hawahitaji huyo mmoja, kuna programu unazielekezea kamera zinakutolea njia nzima. Kesho yake nakusanya madaftari, vema tupu. Kuna siku niliona safu mbili nzima zina kosa lilelile: mstari wa tatu alama ya kutoa imegeuka kuwa ya kujumlisha, na mstari wa nne jibu sahihi limetokea kimiujiza. Mwenye kuandika alikuwa na haraka, wenzake wakanakili pamoja na haraka yake. Sikugombeza. Niliandika swali lilelile ubaoni, nikabadilisha namba, nikawaita mmoja mmoja. Wengi hawakufika hata huo mstari wa tatu. Na chumba cha mtihani wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hakiingii simu, wala grupu halimo.

Najua utasema: mbona mtoto wa jirani ana simu kubwa na anaongoza darasa? Wapo kweli. Utafiti uliotolewa na London School of Economics mwaka 2015 uliangalia shule 91 za Uingereza, kabla na baada ya kupiga marufuku simu. Waliokuwa juu kimasomo hawakubadilika sana, waliopanda zaidi ni wale wa chini. Ni haki kusema pia kwamba waliorudia jambo hilo Sweden hawakuona tofauti. Ila mimi haya ya Uingereza yananiingia akilini, kwa sababu nayaona jioni pale Tabata. Mtoto anayeiweza hisabati, swali likigoma analikomalia. Asiyeiweza, swali likigoma mkono unakwenda wenyewe kwenye simu, na hisabati ni kukaa na swali lililogoma.

Nisichokushauri ni kumnyang'anya moja kwa moja. Ukinyang'anya leo, wiki ijayo ana kasimu kengine kalikopatikana kwa njia usizozijua, au laini yake iko kwenye simu ya rafiki. Na simu ina faida zake: Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake mtandaoni, na mitihani ya miaka ya nyuma inapatikana. Apakue mchana, apeleke steshenari akachapishe, kisha afanye kwenye karatasi simu ikiwa mbali.

Kubwa ni usiku. Ikifika saa tatu, simu zote za nyumba zichajiwe sebuleni. Nasema zote. Baba akibaki na yake kitandani anaperuzi, sheria imekufa siku hiyohiyo, na kwa kweli hapa ndipo wazazi wengi wananikwepa. Akikwambia anahitaji simu kwa ajili ya alamu, mnunulie saa ya mezani, Kariakoo zimejaa.

Kukagua kazi yake si lazima ujue hisabati. Mpe karatasi tupu, achague swali moja kati ya aliyofanya jana alifanye upya mbele yako wakati unachambua mboga, na kila mstari umuulize kwa nini amefanya hivyo. Aliyenakili utamjua kwenye "kwa nini" ya pili. Wadogo nao wasikilize, wanapenda kuona mkubwa akibanwa.

Mtahiniwa wa kidato cha nne mimi humpa ratiba kali zaidi. Mtihani ni Novemba, basi kuanzia Agosti laini yake ihamie kwenye kitochi. Atapigiwa na atapiga, inatosha. Kama grupu la darasa lina matangazo ya shule, ingia wewe mzazi umsomee. Atanuna wiki ya kwanza. Mwache anune.