Ile mashua haikukupakia wewe

*Shangazi, shikamoo. Baba yetu amefariki na arobaini inakaribia. Alikuwa baharia wa majahazi, mtu asiyetulia, na utoto wangu wote alikuwa Uarabuni. Wanangu wanataka siku ya hitma wasimulie vituko vya babu yao, na mume wangu anawaunga mkono. Mtu hakutulea! Mume ndiye aliyekuwa akimwogesha mwishoni, maana mimi kazi zilinibana, na sasa ananiona sina utu. Niwakataze? – Mwenye Donge, Mombasa*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Mungu amrehemu mzee.

Barua yako ni ndefu kuliko nilivyoichapa hapa, na nimeisoma mara mbili. Hakuwalea, unasema. Kisha huku chini unanieleza kuwa ile nyumba ya mawe ya Lamu mnayotaka kuipangisha aliijenga yeye kwa pesa za boriti, ile miti ya mikoko aliyopeleka Uarabuni. Haya.

Wewe mtoto wa Lamu usijifanye hujui pepo za msimu. Jahazi likishapakia boriti likaondoka na kusi, halirudi mpaka kaskazi ivume, huko Novemba au Desemba. Ulitaka apige makasia kutoka Sur, huko Omani? Tena serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, na kwa umri ulionitajia ulikuwa na miaka minane. Basi huo "utoto wote" ni miaka minane, na kila kaskazi ilikuwa ikimleta nyumbani na makanda ya tende na papa mkavu. Mwenyewe umeandika kwamba harufu ya papa hadi leo inakuliza. Mtu halilii harufu ya asiyempenda.

Kinachokuuma nakijua. Mzee wa miaka sabini anawapakia wajukuu kwenye mashua yake alfajiri, anakwenda nao Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, bila kukuaga, wanarudi usiku chumvi imewakauka midomoni na hadithi za mwezi mzima. Wewe hukupakiwa hata mara moja, kwa kuwa ulikuwa msichana. Hilo donge ni la haki, nalikubali. Lakini wanao hawakukuibia kitu.

Mumeo nampa mkono. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na mzee aliporejea ngamani aliyempokea ni mkwe. Kumwogesha baba si kazi ya binti, sawa, lakini kumnywesha uji je?

Na ninyi wanawake wa siku hizi! Mume akikwama nusu saa kwenye feri ya Likoni, simu inalia mara saba: uko wapi, uko na nani. Mama yako alikaa miezi bila hata salamu, na barua nzima umemtaja mara moja tu, kwamba "yeye anacheka tu" vituko vya mzee vikitajwa. Anacheka! Aliyekuwa akingoja ni yeye, wewe wamnunia nani? Usisafirie nyota ya mwenzio.

Usiwakataze. Hitma isomwe, watu wale pilau, kisha vijana waachiwe uwanja, nawe uwasimulie ya papa na tende, maana hayo hawayajui. Mumeo mwambie asante kabla ya siku hiyo, tena kwa mdomo, si kwa simu. Na ile mashua, kama bado inaelea, mwambie kijana wako mkubwa akupakie hadi Kizingitini. Beba kanga ya kujifunika, asubuhi kuna baridi.