Ndevu za kidevuni: unyoe au ung'oe kabla ya leza?

Dada, umeuliza kama uendelee kung'oa ndevu kwa kibanio kila wiki kabla ya kwenda kuondolewa nywele kwa mwanga wa leza. Nyoa. Hicho kibanio cha kung'olea nywele kiweke kando, pamoja na nta na uzi, angalau wiki 4 kabla ya leza. Mwanga wake hufuata rangi ya unywele hadi kwenye shina. Ukishaling'oa, hakuna cha kuchomwa na pesa yako imepotea. Wembe hukata juu tu.

Nyoa siku moja kabla: wembe mpya, maji ya uvuguvugu, jeli, ukifuata unywele unakoelekea. Usibakize vinywele virefu, vitaungulia juu ya ngozi na kukuachia madoa. Siku yenyewe uso uwe mtupu, bila losheni wala poda. Na kama unapaka mkorogo au krimu ya retinoidi (ya jamii ya vitamini A, ya chunusi au makunyanzi), mwambie mhudumu mapema, usione haya. Kwa ngozi nyeusi ulizia mashine ya Nd:YAG, aina ya leza yenye wimbi refu la mwanga, nanomita 1064. Haikamati sana rangi ya ngozi ya juu.

Baadaye weka kitambaa baridi. Usijifukize kwa saa 48. Kila asubuhi paka kinga ya jua, yenye kiwango cha kinga (SPF) 30 au zaidi. Vinywele vitakavyochomoza wiki 1 hadi 3 baadaye hudondoka vyenyewe, usivivute. Malengelenge yakitokea usiyapasue, rudi kliniki.