Kabla hujajaza fomu ya famasia

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wa hapa Wete hunipigia simu. "Dada, famasia si ni kujua majina ya dawa tu?" La, mdogo wangu. Majina ndiyo sehemu nyepesi.

Niliisoma Dar es Salaam miaka 4, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini. Mwaka wa kwanza nililia. Kemia, fiziolojia, baiokemia, na mimi skuli nilizoea kukariri. Maabara tulipima asprini kwa biureti, mrija wa kioo wenye alama za kupimia, tone baada ya tone, mpaka maji yageuke waridi hafifu. Tone moja likanizidi, rangi ikakoza, nikaambiwa nianze upya. Nilinuna kutwa nzima.

Halafu tukafika somo la kuharibika kwa dawa. Nyumbani bibi alikuwa akiweka asprini kwenye kikopo jikoni, karibu na mtungi wa maji. Ukikifungua kinanuka siki, nasi tukidhani ndiyo harufu ya dawa. Kumbe unyevu huivunja asprini, ikatoa asidi asetiki, ileile inayoifanya siki iwe siki. Likizo ile nilivitupa vidonge vyote, na bibi nikamweleza kwa nini. Tangu hapo kemia sikuiona adui tena.

Famakolojia ni pana, jipange: dawa inaufanyia nini mwili, na mwili unaifanyia nini dawa. Famasyutiki ni utengenezaji wa vidonge, dawa za maji na marhamu. Famakognosia ni dawa zitokanazo na mimea, na hapo mtoto wa Pemba usione haya kunyoosha mkono. Yujenoli, kemikali ya kutuliza maumivu wanayoitumia madaktari wa meno, imejaa kwenye mafuta ya karafuu na ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yale yanayotolewa kwa mvuke.

Lakini ninalowasisitiza zaidi ni hesabu. Mtoto ana kilo 12, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo: 180. Chupa ina miligramu 120 katika mililita 5, basi apewe mililita 7.5. Nukta ikidondoka, umeandika 75, na mama wa watu atampa mwanawe kama ulivyoandika.

Kwa hiyo ukisubiri chuo, rudia moli, kipimo cha kiasi cha kemikali, na logi za hesabu. Kisha muombe mfamasia wa hospitali ya karibu akuruhusu ukae naye asubuhi moja dirishani, usikie wagonjwa wanauliza nini.