Baka Jipya Baada ya Kumaliza Dawa za Ukoma

Nilimeza pakiti ya kumi na mbili, ya mwisho, mwaka 2014, nikiishi Makorora hapa Tanga. Ngozi ilikuwa imekolea weusi kwa klofazimini, mojawapo ya dawa za ukoma zilizomo kwenye pakiti. Niliambiwa itarudi polepole, na kweli ilirudi. Niliaga kliniki nimepona.

Mwaka na nusu baadaye mabaka ya zamani yakavimba ghafla, mekundu, yanauma, na mshipa wa kiwiko haugusiki. Nikajua ukoma umerudi. Kwa aibu nikajifungia ndani wiki tatu, majirani wakaambiwa nina homa. Nafika hospitali, kidole cha mwisho na cha pete havinyooki.

Kumbe haukurudi. Dawa huua vimelea, lakini mabaki yake hukaa mwilini muda mrefu, na kinga ya mwili ikiyashtukia huyashambulia palepale yalipo, kwenye ngozi na mishipa ya fahamu. Tiba yake ni predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa wiki nyingi, na ianze mapema. Kidole changu kimepinda hadi leo. Dawa nilipewa bila shida. Nilichokosa ni zile wiki tatu.

Ukoma kurudi kwenyewe baada ya dawa mseto ni nadra, tena huja kimyakimya. Vimelea vyake huzaana taratibu mno, kimoja kuwa viwili ni karibu wiki mbili, kwa hiyo miaka hupita. Mjomba wangu wa Pangani alikaa miaka tisa ndipo baka likamtoka mgongoni. Haliumi, na ukiligusa kwa pamba hasikii. Aliyeliona ni mkewe. Walimkwangua ndewe ya sikio, wakapima, vimelea vikaonekana. Akaanza upya dozi ya mwaka mzima, bure kama ile ya kwanza.

Sasa ndugu yangu uliyemaliza dawa, tafadhali usijipimie mwenyewe nyumbani, wala usiombe predinisoloni iliyobaki kwa jirani. Kama ni ukoma uliorudi, hiyo peke yake haiui vimelea, inatuliza uvimbe tu huku ugonjwa ukiendelea. Nenda na kadi yako ya zamani, ile yenye mchoro wa mwili walipokuchorea mabaka, maana ndiyo itakayoonyesha lipi la zamani na lipi jipya. Yangu naiweka pamoja na cheti cha kuzaliwa. Na kila mwezi binti yangu hunikagua mgongo, dirishani, kwenye mwanga wa asubuhi.