Upasuaji wa tezi dume: mi niliahirishwa mara mbili, soma kabla mzee hajaenda

Kijana umeuliza mzee wako kapangiwa upasuaji wa tezi dume baada ya wiki tatu, mjiandae vipi, na eti ni kweli akitoka huko "mambo yamekwisha". Nina miaka 66, nimefanyiwa mwaka juzi huku Tanga, nakupa niliyopitia, mengine muulize daktari wake maana kila mzee na mwili wake.

Operesheni yenyewe ndo ilikuwa nyepesi kuliko yote. Kama saa moja hivi, sindano ya ganzi mgongoni, kiuno kushuka chini husikii kitu, wao wananikwangua huku wanabishana Simba na Yanga na mi nachangia. Hawakunipasua tumbo, wanapitisha kifaa njia ya mkojo wanakwangua tezi kutokea ndani, TURP wanaiita. Tezi yangu ilikuwa gramu 62, zile kubwa sana za 80 kupanda mara nyingi wanapasua tumbo, so muulize daktari ya mzee ni ipi maana maandalizi na siku za kulala wodini hazifanani.

Kilichonitesa ni kabla ya hapo. Niliahirishwa mara mbili na zote kosa langu mwenyewe.

Ya kwanza dawa. Nilikuwa nameza clopidogrel, hii ya kuzuia damu isigande, niliandikiwa zamani kwa ajili ya moyo. Kliniki nikaulizwa unatumia dawa gani nikataja ya presha tu, hii nyingine nilishazoea kujinunulia duka la dawa nikaiona kama vitamini vile. Siku ya kulazwa nesi akasema baba toa kila kidonge ulichonacho weka mezani, nikatoa, daktari wa usingizi kuiona tu akafunga faili. Aisee. Kumbe kidonda cha tezi hakishonwi, kinabaki wazi mle ndani mpaka kipone chenyewe, sasa damu isipoganda utavuja mpaka uishe, na ile sindano ya mgongo damu ikivujia kwenye uti unaweza kupooza miguu. Wakaongea na daktari wa moyo, nikaambiwa niache siku saba kabla. Ila usije ukamwachisha mzee dawa mwenyewe kwa sababu umesoma hapa, kuna watu wakiacha hata siku mbili wanapata kiharusi, na aspirini wengine huambiwa waendelee nayo. Chukua dawa zake zote tia kwenye mfuko nenda nazo kliniki wiki hii, usingoje siku ya kulazwa. Na mitishamba pia, unga wa kitunguu swaumu, tangawizi, ile chupa aliyouziwa stendi, zote. Wazee tunaficha hizo, namwambia mtu live.

Ya pili mkojo. Mi nilikuwa na mpira wa kutolea mkojo miezi miwili, maana mkojo ulinifunga ghafla usiku mmoja baada ya kumeza vidonge vya mafua (hapo hapo, kama mzee hajawekewa mpira mwambie asijimezee dawa za mafua, nyingine zinabana kabisa njia). Sasa ukikaa na mpira wadudu lazima waingie. Niliambiwa nipeleke mkojo maabara ukaoteshwe, yaani waone wadudu gani wamo na dawa ipi inawaua, majibu yanachukua siku kadhaa, nikaona sina homa wala mkojo hauniumi wa nini, sikupeleka. Wakaupima siku ya kulazwa, mchafu, nikarudishwa. Wakikukwangua una wadudu wanasukumwa kwenye damu na hiyo inaua mtu. Nikaoteshwa, nikapewa antibayotiki inayowaua wale wadudu wangu, ndo nikapangiwa tarehe nyingine.

Kama mzee ana mpira: mfuko ukae chini ya kibofu muda wote ila usiguse sakafu, mikono inawe kabla ya kuushika, maji anywe. Suruali aachane nayo, avae msuli. Kuhusu swala maana nami lilinisumbua sana, sheikh wetu aliniambia mwenye udhuru anatia udhu kila swala ikiingia wakati anaswali na hali yake hiyo hiyo.

PSA, kile kipimo cha damu cha kuangalia dalili za saratani ya tezi, msiogope kabla ya wakati. Yangu walinipima siku chache tu baada ya mpira ikasoma juu nikaanza kugawa mashamba kichwani, ikarudiwa baadaye imeshuka. Mpira na maambukizi vinaipandisha. Vile vipande wanavyokwangua vinapelekwa maabara, fuatilieni yale majibu msiyaache hospitali.

Haya swali lako la pili, la nguvu za kiume. Kusimama mi nasimama. Ila manii hayatoki, yanarudi nyuma kwenye kibofu unakuja kuyakojoa, na hii inawapata wengi wanaokwanguliwa hivi. Haina madhara ila kama mzee bado anataka mtoto (wapo, tusichekane) aseme KABLA, maana baadaye kutungisha mimba ni shughuli. Daktari wangu aliniambia nikiwa peke yangu, mama watoto hakuwepo, lilikuwa kosa, nilikuja kumweleza baadaye akadhani namficha kitu.

Mengine haraka haraka. Ndugu wawili wakachangie damu mapema. Sigara aache leo. Wiki ya mwisho mapapai, mboga, maji, asipate choo kigumu maana baada ya operesheni ukijikamua chooni damu inaanza upya. Aanze na yale mazoezi ya kubana kama unazuia ushuzi, yatamsaidia mkojo usimtoke mpira ukitolewa. Chakula mi nilikatazwa tangu saa sita usiku, kidonge cha presha nikameza asubuhi na maji kidogo, ila kama ana sukari aulize dawa zake afanyeje siku hiyo, asikisie.

Na mwandae mama yako. Nilitoka na mpira mnene, maji yanaingia juu yanatoka chini kusafisha kibofu, yanayotoka ni mekundu kama juisi ya rosela. Mke wangu hakuambiwa na mtu, kuona ule mfuko akaanza kulia wodi nzima ikageuka. Siku ya pili yakawa ya pinki, ya tatu mpira ukatoka. Kinachotakiwa kuwastua ni mabonge ya damu halafu mkojo hautoki na tumbo la chini linajaa, hapo piga kelele nesi aje.

Anayekwenda kulala naye abebe misuli miwili, ule wa kwanza utaloana usiku huo huo.