Re: Niuze ploti niende Marekani kusomea urubani?

Kaka, umeuliza kama uuze ile ploti ya Ruai usomee urubani Marekani halafu ubaki huko ukifanya kazi. Nakuomba usiuze kitu kabla hujapimwa afya. Tafuta daktari aliyeidhinishwa na KCAA, ile mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, akupime afya ya daraja la kwanza, macho, masikio, moyo, bila hiyo hakuna kurusha ndege kwa malipo. Nilimkuta kijana mmoja nje ya kliniki ameshika karatasi analia, ada ashalipa yote, kumbe nyekundu na kijani hawezi kuzitofautisha. Iliniuma sana.

Halafu viza. Ile M-1 wanayopewa wanafunzi wengi wa urubani kule ni ya kusoma, si ya ajira. Leseni ya kurusha ndege kwa malipo ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kwa kawaida unaipata ukifika masaa 250 ya kurusha ndege, lakini kuingia kampuni ya ndege za abiria wanataka kama 1,500, sasa hayo mengine utayarushia wapi na viza imeisha?

Wakenya wengi wanasomea Afrika Kusini ama hapa hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Ukisoma nje ukarudi, unabadilisha leseni KCAA, unaanza kwa kupeleka watalii Maasai Mara na ndege ndogo ya Caravan, masaa yanapanda polepole. Hiyo njia naiheshimu sana.

Na chuo chochote ukienda, uliza kama mafuta ya ndege yamo ndani ya bei ya saa ya kuruka, na lipa kidogo kidogo, kwa sababu chuo kikifungwa katikati kurudishiwa pesa ni shida kubwa.