Baba anasema kuandika kwenye Biblia ni dhambi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilipopata kipaimara baba alininunulia Biblia ya Union, ile yenye jalada la zipu. Naimba alto kwaya ya vijana, na kwenye kipindi cha Biblia wenzangu wanapiga mistari na kuandika pembeni. Nilipojaribu na mimi, kwa kalamu ya njano ya kuangazia, wino ulitokea upande wa pili, na baba akaona. Alinisomea Ufunuo 22:18, kwamba anayeongeza ataongezewa mapigo. Je, nimekosa? Kama sijakosa, nianzie wapi? – E., Iringa

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Baba yako analiheshimu Neno, kwa hiyo usimjibu kwa ukali. Ila onyo lile linamhusu mtu anayechomeka maneno yake ndani ya unabii na kuyapitisha kama ya Mungu. Penseli yako pembeni mwa ukurasa haimdanganyi mtu. Hata hizo namba alizokusomea, 22 na 18, hazikuwapo Yohana alipoandika. Sura tunazotumia zilipangwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Halafu mwombe kwa adabu akufungulie Biblia kongwe ya nyumbani, kurasa za mwanzo kabisa. Wazee wengi wameandika humo tarehe za watoto kuzaliwa, ndoa na misiba. Nitashangaa kama jina lako halimo.

Akiendelea kukataa, ya zipu iache safi, utafute nyingine ya bei nafuu uifanyie kazi. Sioni sababu ya kugombana na mzazi kwa ajili ya wino.

Kwa kuwa unaimba, nikupe mfano wa mtu wa kwaya. Johann Sebastian Bach, mtunzi wa Kijerumani, alikuwa na Biblia ya juzuu tatu yenye maelezo ya Abraham Calov, na aliitia sahihi yake mwaka 1733. Alipiga mistari, akasahihisha makosa ya chapa, na akaandika pembeni kwa mkono wake. Penye 2 Mambo ya Nyakati 5, wapiga panda na waimbaji wanaposikika kama mtu mmoja na nyumba ya Bwana ikajaa wingu, aliandika kwamba penye muziki wa ibada Mungu yupo daima kwa neema yake. Juzuu hizo zimehifadhiwa Marekani, kwenye chuo cha Kilutheri mjini St. Louis. Fungua sura hiyo kabla ya mazoezi yenu.

Sasa wino. Karatasi ya Biblia ni nyembamba makusudi, ili vitabu 66 vienee kwenye kitabu kimoja kinachobebeka. Wino wa majimaji lazima upenye. Maka peni na kalamu za jeli waachie wenye madaftari. Mimi natumia penseli ya HB iliyobutuka kidogo, pamoja na penseli za rangi za watoto wa shule. Chini ya ukurasa naweka kadi ngumu, maana bila hiyo alama inachimba hadi kurasa za chini. Peni ya kawaida inafaa kwa maneno machache, ila ijaribu kwanza kwenye ukurasa mtupu wa mwisho.

Anzia Wafilipi, barua ya Paulo yenye sura nne tu. Soma yote kwa mara moja, penseli ikiwa mezani. Ukirudia, kila penye furaha au kufurahi weka kijani, na kila penye vifungo au kufungwa weka kahawia. Katika sura ya 1 pekee utakuta furaha mstari wa 4, vifungo mstari wa 13, halafu furaha tena mstari wa 18. Mtu yuko kifungoni na barua yake imejaa kijani! Hapo swali litakujia lenyewe, nawe uliandike pembeni kwa maneno yako. Rangi mbili zinatosha kwa kitabu kimoja. Nimeziona Biblia za vijana zilizopakwa rangi kila mstari kama kanga, na mwenyewe ukimuuliza njano ni ya nini, hajui.

Usione aibu kuweka alama ya kuuliza. Yangu iko Luka 16:8, bwana anapomsifu wakili dhalimu. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mstari huo, na alama bado sijaifuta. Mahubiri nayo, ukiyaandika pembeni, weka herufi za jina la mhubiri na mwaka. La sivyo baadaye utadhani ni wazo lako, au mbaya zaidi, utadhani ni Maandiko.

SWALI: Mwalimu, mimi nasomea Biblia kwenye simu na naweka alama humo humo. Kuna ubaya? – J., Mombasa

JIBU: Hakuna. Kutafuta neno kwenye simu ni haraka kuliko itifaki yangu nzito ya mezani, kile kitabu kinachoonyesha kila neno liko mstari gani wa Biblia. Ila hakikisha maelezo yako yamehifadhiwa kwenye akaunti, yasibaki kwenye simu peke yake, maana simu ikiibwa stendi yameondoka nayo. Yale unayoyathamini zaidi yanakili kwenye daftari, na kila moja uliandikie kitabu, sura na mstari.